Mkono wa Baba Mkwe

Nimeshika mkono wa karibu kila mtu mzima katika kijiji chetu. Najua wa nani ni mgumu kama gome la mkaratusi, wa nani hutoa jasho hata asubuhi ya baridi, na ni nani huvaa sweta tatu kisha akakataa kuvua hata moja. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa hapa, juu kidogo ya soko la Ekerenyo, yule utakayemwona na mtoto mgongoni na mkoba wa mashine kifuani, au mkoba mgongoni na mtoto kifuani, ikitegemea ni yupi analia. Napima presha, napima watoto uzito, nauliza kama choo kina mlango. Wananiita daktari. Nilimaliza kidato cha nne nikaolewa, na yote ninayoyajua kuhusu presha nilifundishwa zahanati kwa siku chache. Lakini hapa ukiwa na mashine wewe ni daktari, basi.

Mkono mmoja tu sikuwahi kuugusa, na mwenyewe aliishi ng'ambo ya ua wangu. Baba mkwe.

Kwetu sisi Wakisii, uwe wa Kisii au wa Nyamira, kuna chinsoni. Ni ile aibu ya heshima inayowekwa kati ya watu fulani ili wasizoeane. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Mke wa mwana hamsalimii baba mkwe kwa mkono, haketi kwenye kiti chake, hatupi jicho kwenye chumba anacholala. Mkikutana kwenye kijia chembamba katikati ya majani chai, mmoja anajitosa kwenye chai ili mwingine apite. Najua wengine wameacha. Nenda Kisii mjini utawaona wanawake wakikumbatiana na wakwe zao kama timu iliyofunga bao. Boma letu halijaacha, na mimi sikuolewa ili nije kuwaachisha.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: mzee wa miaka sabini na kitu, mnene wa shingo, mpenda chumvi, anayeamka asubuhi ameshika kichwa, mashine ya presha inaning'inia kwenye msumari nyumbani kwangu, na kati ya hivyo viwili, aibu. Kama angeanguka, nilijua ni nani angeulizwa.

Kabla mambo hayajaharibika tuliitwa semina Kisii mjini, wahudumu wa sehemu nyingi, wengine wametoka Mosocho, wengine Keroka. Akaletwa bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kutuambia kwamba mtu anayesaidia wengine lazima kwanza asawazishe maisha yake. Akatugawia karatasi.

"Choreni duara," akasema. "Duara hilo ni maisha yako. Likate kama chapati. Familia, kazi, jamii, Mungu, na wewe mwenyewe."

Nikachora. Nikakata. Familia ilikula nusu nzima, shamba robo. Jamii na Mungu wakagombania kilichobaki, kwa sababu watu wa kanisa ndio hao hao ninaowapima. Changu mimi kikawa kama ule ukingo wa chapati ulioungua, ambao hata mtoto anaukataa.

Yule bwana akapita, akainama juu ya karatasi yangu. "Mama, kipande chako kiko wapi?"

"Kimeliwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nijifunze kusema hapana, halafu akaenda kula kuku.

Nilirudi nyumbani na hiyo hapana mdomoni kama peremende. Asubuhi iliyofuata nilikuwa bafuni. Bafu letu ni mabati manne na jiwe la kukanyagia. Nimejipaka sabuni hadi machoni, nasikia mtu anakohoa nje.

"Daktari!"

Ni jirani, mama wa makamo ambaye presha yake haijawahi kuwa na tatizo lolote tangu nimjue.

"Naoga."

"Oga tu. Nitangoja hapa hapa."

"Si urudi mchana?"

"Mchana niko sokoni. Na wewe ni kufunga mkono tu, kwani utatumia miguu?"

Nikatoka na sabuni masikioni nikampima. Ilikuwa sawa. Huwa sawa kila siku. Yeye hupenda tu kusikia mtu akimwambia. Akaniombea baraka akaenda zake. Maji yangu yalikuwa yamepoa, na mtoto alikuwa ameamka.

Jumamosi, ambayo kanisani kwetu ni siku ya kupumzika mbele za Mungu, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ibada ikiisha watu wanapanga foleni kwenye nyasi na mikono imekunjuliwa tayari. Mhubiri anapita na Biblia kwapani, anawaambia, "Mnaona? Huyu mama ni taa." Taa! Taa huzimwa, watu wakalala. Mimi niko pale maziwa yamelowesha gauni la kanisani, mwanangu anapitishwa mikononi kama sahani ya sadaka, na nyuma ya foleni mtu analalamika kwamba nachelewa. Siku moja nilihesabu ni nani kati ya wale wote ameniuliza kama nimekula. Hesabu ilikuwa rahisi sana.

Sisemi kwamba naichukia kazi. Kuna mzee wa huku chini aliyegundulika mapema, leo anameza dawa zake na anacheza na wajukuu. Kuna msichana niliyemkimbiza kujifungua akiwa tayari anaona nyota. Nikiwaona njiani moyo unatulia. Ninachokichukia ni kwamba mkishaona mtu ana moyo, mnadhani hana mwili.

Mume wangu ni dereva wa lori. Kituo chake ni Keroka, na hulala barabarani kuliko anavyolala nyumbani. Ndoa yetu sehemu kubwa iko kwenye simu.

"Mama amenipigia," akaniambia siku moja. "Anasema mzee bado anaumwa kichwa."

"Najua. Namwona."

"Umempima?"

"Nimpime vipi?"

"Si wewe hupima watu?"

"Na wewe si Mkisii?"

Nikasikia malori yakipiga honi upande wake. "Basi tafuta njia," akasema. "Unasaidia dunia nzima, baba yangu peke yake ndiye anakushinda."

Nilikuwa nasonga ugali. Niliusonga ukawa jiwe.

Njia niliyoitafuta ilikuwa mama mkwe. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, mwenye ulimi wa wembe, na ndiye hunishikia watoto ninapozunguka. Bila yeye hata hiyo taa isingewaka. Nikamketisha jikoni kwake. Nikakunja blauzi yangu hadi begani, nikajifunga kile kitambaa cha mashine, nikamwonyesha: kikae juu ya kiwiko, bomba liangalie chini, mtu asiongee, bonyeza hapa, ngoja. Akanifunga mimi, kisha akajifunga mwenyewe, akaelewa upesi kuliko wengi tuliokuwa nao semina. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa uani ananoa panga. Sikufikiria lolote.

Ikawa kila Jumapili asubuhi mama mkwe anachukua mashine na kuingia nayo nyumba kubwa, na mimi nasimama nje karibu na dirisha, nimeupa ukuta mgongo nisije nikaona ndani.

"Mama, ametoa koti?"

"Ametoa."

"Mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Asiongee."

"Nani anaongea? Wewe ndiye unaongea."

Mashine inanguruma, inapumua, inalia. Kisha mama anatoka na kuisoma namba polepole kama mtu anayesoma Zaburi. Namba nzuri. Namba ya msichana. Kila Jumapili mia moja ishirini na kitu, na mzee mwenyewe ndani kimya kabisa, nikadhani ni nidhamu. Nikampigia mume wangu nikamwambia babake ana presha ya kijana wa shule.

"Umeona sasa?" akasema. "Ukitaka unaweza."

Kichwa kikaendelea kumuuma. Nikasema kupitia kwa mama, mwambie anywe maji. Nikasema huenda ni macho, atafutiwe miwani. Nilikuwa na namba, na namba zilisema ni mzima. Nikaenda kupima wengine.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nachuma chai, kikapu kimeanza kuwa kizito, mtoto nimemwacha kwa mama mkwe. Mzee alikuwa chini kidogo, anakata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe. Nikasikia panga likianguka juu ya jiwe. Si kitu cha ajabu, panga huanguka. Lakini halikuokotwa. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama analitazama, anainama, mkono unalikosa. Anainama tena. Mkono ulikuwa unapapasa pembeni kama wa mtu asiyeona.

Siku nyingine zote ningejitosa kwenye chai ili asije akajua nimemwona. Siku hiyo nilivua kikapu nikateremka.

Akasema kitu. Maneno yalitoka yamelowa, hayana mifupa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka kama pazia lililong'oka kwenye msumari. Nikapiga kelele kumwita mama, nikakimbia nyumbani kuchukua mashine, nikarudi. Alikuwa ameketi chini, ameegemea mgomba. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake na mtoto wangu kiunoni, anasema "mzee, mzee," sauti ndogo kabisa, yeye ambaye huwa anafukuza kunguru kwa sauti hadi mto ule wa chini unasikia.

Nikapiga magoti. Alipoiona mashine akauficha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ndani ya koti.

"Mokamwana," akasema. Ndilo neno la mke wa mwana. Lilitoka kwa shida, lakini lililofuata lilitoka safi. "Hapana."

Hapo ndipo nilipoisikia ile hapana ya semina kwa mara ya kwanza ikisemwa na mtu anayejua kuisema.

"Mzee," nikamwambia, na nilikuwa sijawahi kumwambia neno moja kwa moja usoni, "kesho utanichukia vizuri. Leo nipe mkono."

Nikauvuta kutoka kwenye koti. Ulikuwa mzito na wa moto. Juu ya kiwiko, mahali ambapo jua halijawahi kufika, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto wangu. Akageuza uso upande wa migomba akafumba macho, na mimi nikafunga kitambaa, nikabonyeza. Mashine ikajaa, ikasita, ikajaa tena zaidi, kama vile haikuamini. Namba ya juu ilipita mia mbili.

Nikamgeukia mama mkwe. "Jumapili ulinisomea mia moja ishirini."

Akamhamisha mtoto kiuno kingine.

"Mama. Jumapili."

"Hiyo ilikuwa yangu."

"Yako nini?"

"Presha yangu." Akaanza kulia bila kupangusa machozi. "Alikataa tangu siku ya kwanza. Alikuona kule jikoni umejifunga hicho kitambaa, mkono mtupu. Akasema kitu kilichofunga mkono wa mke wa mwanawe hakitafunga wake, hata kuku watamcheka. Nami nikaona ukisikia utakasirika, na mwanangu atakasirika. Basi nilikuwa nikiingia najipima mimi."

"Jumapili zote?"

"Tunakula chungu kimoja," akasema, na alikuwa anaomba nimwelewe. "Chumvi ni ile ile. Tunalala nyumba moja. Nilijua haziwezi kuachana sana."

Nifanyeje na maneno kama hayo? Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kucheka, na sikuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo mawili. Nilipiga simu ya boda boda.

Kijana wa boda alifika upesi, akamtazama mzee, akatikisa kichwa. "Lazima mtu akae nyuma amshike. Ule mteremko ataniangukia."

Nyonga ya mama mkwe ni mbovu, hawezi kupanda pikipiki. Waliobaki ni mimi na ng'ombe. Nilishaanza kuikunja sketi. Nasema kweli, ningepanda nyuma yake nimkumbatie baba mkwe mbele ya soko zima hadi hospitali ya Nyamira, na kuku wacheke mpaka wachoke. Kisha nikakumbuka huyu mzee ana wana. Mmoja yuko hapo Ekerenyo sokoni, anatengeneza simu kwenye kibanda, boda ni kupumua mara mbili umefika. Nikampigia.

"Shemeji, niko na mteja," akasema. "Kwani ni nini? Si uko hapo, na wewe ndiye daktari?"

"Daktari ndiye mimi. Mtoto wake ni wewe. Panda pikipiki uje sasa hivi, ama uje jioni uchimbe."

Alikuja na bisibisi bado iko mkononi. Alipomwona babake akaitia bisibisi mfukoni. Hata mwana ana chinsoni na baba yake, hawazoeani miili. Akasimama hapo mikono inaning'inia.

"Nimkumbatie?"

"Mkumbatie."

"Hivi hivi?"

"Wataka nikuchoree?"

Akapanda nyuma yake, akamzungushia mikono yote miwili, akafunga vidole juu ya tumbo la mzee. Walipopinda kona nikamwona ameweka shavu lake juu ya mgongo wa babake. Mimi nikarudi kumchukua mtoto. Kikapu changu cha chai kilikuwa juani, majani yameshaanza kuwa mekundu. Kituo cha kununulia chai hakikuyachukua.

Mzee hakufa. Hospitalini walisema kupooza kulikuwa kwa upande mmoja, na kwamba amefikishwa kabla hakujawa kubaya. Uso ulirudi mahali pake. Maneno yalirudi, si yote. Mkono wa kulia haukurudi sawa. Unashika kikombe lakini haushiki panga. Ndio huo mkono ninaouona kila asubuhi nikitoka nje, umewekwa juu ya goti kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

Alipotoka hospitalini ukoo ulikusanyika. Mume wangu alikuwapo, ndugu zake walikuwapo, na shangazi yao, dada ya mzee, ambaye sijawahi kumwona akiridhika na chochote isipokuwa kiti. Nilikuwa napita na sinia la chai.

"Mimi nauliza tu," shangazi akasema, bila kunitazama. "Mtu anapima makanisa. Anapima masoko. Mzee wa boma lake mwenyewe anaanguka kama ndizi. Hiyo ni kazi ya aina gani?"

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amempakata mwanangu, anamtazama utosini kama anayetafuta chawa. Neno moja tu langu lingetosha. Ningesema "muulizeni mama," na ule mzigo ungehama kutoka mabegani mwangu mpaka mabegani mwake, mwanamke mwenye nyonga mbovu ambaye mwaka mzima amekuwa akimwogesha mwanangu. Nikalimeza. Nikaliweka sinia chini.

"Shangazi, unajua ni kwa nini sikumpima," nikasema. "Nyote mnajua. Mnautaka mkono wangu na hamtaki uguse. Chagueni. Na hawa wana wake watatu walioketi hapa, nani amewahi kumuuliza babake umelalaje? Mume wangu ananiambia tafuta njia. Nitafute mimi, niko na mtoto titini, niko na chai, niko na kijiji kizima, na yeye yuko na nini? Yuko na usukani. Mashine siyo uchawi. Hata fundi wa simu anaweza kuibonyeza."

"Huyu amekuwa na mdomo," shangazi akasema.

"Nilikuja nao. Ulikuwa umejaa kazi zenu."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba ningesema polepole. Nikamwambia polepole nilishasema, kwa simu, tukiwa wawili, na hakusikia kwa sababu ya honi. Lakini mama mkwe jioni ile aliwaogesha watoto wangu wote wawili, mkubwa na huyu wa titi, akapika, akaosha vyombo vyangu, na kila nilipoinuka kusaidia alinikalisha kwa jicho.

Jumamosi iliyofuata sikubeba mkoba kanisani. Watu waliitafuta foleni wakaikosa. Mhubiri akaniuliza kwa upole kama kuna jambo. Nikamwambia Mungu mwenyewe alipumzika, na hakuwa ananyonyesha. Yule jirani wa bafuni alinuna, hata leo hajamaliza.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanila, na hakikuwa kununa kwa watu. Wahudumu wa eneo letu hukutana barazani kwa zahanati. Wote ni wanawake isipokuwa wawili, na hao wanawake wote wameolewa hapa. Nikawaangalia tukingoja muuguzi afike, nikaona kama vile mtu amenimwagia maji.

"Nani hapa amewahi kumpima baba mkwe wake?" nikauliza.

Wakaangua kicheko.

"Wangu?" akasema mama mmoja wa ng'ambo ya mto, mnene, mcheshi, mwenye mtoto wa umri wa wangu. "Mimi wangu nikisikia anakohoa naruka ua. Nimfunge mkono? Nikishamfunga nihamie wapi?"

"Wangu ameokoka," mwingine akasema. "Hunisalimia kwa mkono. Lakini hata yeye, kuvua shati mbele yangu, aah."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka, na mmoja mmoja wakaanza kunyamaza. Ungeona jinsi kila mtu alivyokuwa anarudi nyumbani kwake kwa mawazo, anaingia uani, anamtafuta yule mzee. Tumezunguka vilima hivi vyote, tumewafikia walevi, tumewafikia wanaotufungulia mbwa, na kila mmoja wetu ameacha mtu mmoja bila kupimwa, yule anayelala karibu naye zaidi.

"Wako ndiye aliyeanguka?" yule wa ng'ambo ya mto akauliza.

"Ndiye."

"Basi nije nimpime wako. Mimi kwake ni mtu wa barabarani tu. Na wewe uje kwa wangu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, bila semina, na bila mtu wa viatu. Wengine nao wakapatana wawili wawili. Muuguzi alipofika alituuliza tunajadili nini kwa sauti hivyo, tukamwambia waume. Akasema hayo hayamhusu.

Siku mwenzangu wa ng'ambo ya mto alipokuja kumpima mzee, nilibaki jikoni na watoto wetu wawili mapajani, huyu anavuta nywele za yule. Nilitarajia kusikia hapana. Nilichokisikia ni mzee akicheka. Alikuwa anamsimulia, kwa yale maneno yake yaliyopungua, jinsi alivyowahi kuuza ndizi hadi Kericho. Miaka yote niliyokaa katika boma lile sijawahi kusimuliwa hata ndizi moja. Nilikasirika, sitaficha. Mtu ninayemchumia mboga, ninayempikia, aliyenifanya nigombane na ukoo, hadithi zake anampa mgeni mwenye kelele.

Mwenzangu akatoka nje. "Imeshuka," akasema. "Si sana, lakini imeshuka. Anasema dawa za asubuhi anazimeza, za jioni anazisahau."

"Hazisahau. Anazitupa."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi?"

Akacheka, akarudi ndani, nikamsikia akimfokea mzee wangu kama anayemfokea mtoto, na mzee anaitikia ndio, ndio, ndio.

Zamu yangu ikafika. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka mto, nikapanda hadi bomani kwao. Baba mkwe wake alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu, amekaa kwenye stuli nje ya nyumba, na alikuwa mzima kabisa kwa kumtazama. Alinipa mkono bila neno. Akaniuliza mimi ni mke wa nani, akasema anaijua familia, akasema babu wa mume wangu aliwahi kumdhulumu ng'ombe. Nikamwomba anyamaze kidogo. Mashine ikajaa. Ikasita. Ikajaa tena.

Nikapima mara ya pili, mkono mwingine. Kisha nikamwambia aendelee kukaa, asiinuke, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mwenzangu alikuwa amesimama kati ya migomba, mbali na dirisha, mikono imefungwa kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Ni ngapi?"

Nikamwambia.

Akaketi chini pale pale kwenye udongo, na sketi yake ya kazi. "Jana alikuwa analima," akasema. "Jana tu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Inuka. Wanawe wako wapi?"

"Mmoja yuko Keroka. Mwingine yuko hapo juu, analala."

"Mwamshe huyo kwanza," nikamwambia, nikamvuta mkono.